Fromaji ya Masisi ndiyo ya kwanza, lakini mtusikilize mpaka mwisho

Ndugu zetu, kaka na dada, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kuandika neno: leo tunaandika juu ya jibini. Msicheke kwanza.

Klabu yetu ya mdahalo hapa Nakivale inakutana Jumamosi, na tulikuwa tumechoka na mada zilezile. Elimu na pesa, kipi bora. Mjini na kijijini, wapi bora. Kila mtu anajua tayari nani atasema nini. Ndipo dada mmoja akasema, basi tubishane jibini gani ni bora kuliko zote duniani. Tulidhani ni mzaha. Tulimaliza giza limeingia, na wawili kati yetu hawakuagana.

Mwanzoni watu walitoa simu. Mmoja akatusomea habari za Parmigiano Reggiano ya Italia: duara moja lina kilo 40 hivi, linamaliza maziwa lita 550, na linakaa ghalani si chini ya miezi 12. Mwingine akaja na Roquefort ya Ufaransa, ile yenye ukungu wa buluu ndani, inayokomazwa mapangoni. Sawa. Tulipouliza nani ameonja, kimya. Tukaweka sheria: utetee tu ile uliyokula kwa mdomo wako. Ulaya yote ikatoka kwa dakika moja, ikabaki na ng'ombe wake mmoja tu, yule mwekundu anayecheka.

La vache qui rit ilipata mtetezi mkali. Alisema: hii jibini ya pembetatu haitaki friji, haiozi haraka, inauzwa moja moja kwa mwenye pesa kidogo, na mtoto yeyote anaipenda. Ni kweli. Wanayeyusha jibini nyingine, wanachanganya na chumvi maalumu, wanafunga kwenye karatasi ya fedha. Lakini sisi tunaona ile ni kama picha ya chakula. Ukila leo, ukila mwaka kesho, ladha ni ileile, na haikuambii imetoka kwa majani gani.

Rafiki yetu Muethiopia, ambaye Kiswahili chake amejifunzia hapahapa Base Camp, alisimamia ayib ya kwao. Huyu karibu atushinde. Mama anasukasuka maziwa yaliyoganda, anatoa siagi, yale maziwa yanayobaki anayapasha moto taratibu mpaka yanajikusanya meupe, anachuja kwa kitambaa. Basi. Hakuna mashine, hakuna dawa ya kununua. Inaliwa na injera na vitu vyenye pilipili kali, inapoza ulimi. Alisema jibini bora ni ile ambayo mama yako anaweza kukutengenezea asubuhi moja popote mlipofukuzwa. Tulipiga makofi, hata sisi wapinzani wake. Udhaifu wake ni mmoja: ayib haikai. Siku chache tu, imechachuka.

Hapo sisi wa Kivu tukasimama.

Kwetu hatusemi jibini, tunasema fromaji, na ukisema fromaji unasema Masisi. Kwa wasiojua: Masisi ni milima ya Kivu Kaskazini, magharibi ya Goma, juu kwenye baridi na mvua, majani mabichi karibu mwaka mzima. Mapadri Wabelgiji ndio walioleta ule ufundi, wa jibini ya namna ya Gouda ya Uholanzi, lakini leo ni kazi ya watu wetu wenyewe. Maziwa yanachujwa, yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda yanakatwakatwa, maji yanatolewa, yanayobaki yanaminywa kwenye kifinyango, halafu yanalala kwenye maji ya chumvi. Baada ya hapo ni mbao na subira, kila siku unageuza duara upande wa pili. Lita 10 hivi za maziwa zinakupa kilo moja. Mengi yanafanywa bila umeme, kwa kuni na mikono.

Na sababu yetu kubwa si utamu, ingawa utamu upo. Ni barabara. Mwenye kupita Sake kupanda Masisi wakati wa mvua anajua matope yale, gari linalala njiani siku mbili. Maziwa hayangoji. Fromaji inangoja. Siku barabara imefungwa na wenye silaha, maziwa ya leo yanaweza kugeuzwa duara la njano, likakaa kwenye mbao mpaka njia ifunguke, halafu likawa ada ya shule Goma. Jibini ya Italia inazeeka ili iwe tamu zaidi. Yetu ilizeeka juu hakukuwa na njia, na bado ikawa tamu.

Tukadhani tumeshinda.

Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akasema: "Ile fromaji munasifia, njo ilitufukuza mu shamba." Babu yake alilima maharage kwenye kilima, kilima kikawa cha tajiri, tajiri akaleta ng'ombe. Akakaa chini.

Hatukuwa na jibu, na hatutaki kujifanya tunalo sasa. Tunachojua ni hiki. Wakati wa Wabelgiji wazungu walichukua milima mingi kwa mashamba makubwa. Mwaka 1973 Mobutu akawanyang'anya wageni mashamba na biashara, vikaenda kwa watu walio karibu na wakubwa. Sehemu kubwa ya milima ya Masisi ikawa malisho yenye senyenge, na wenye kulima wakasukumwa pembeni au wakawa vibarua pale walipozaliwa. Vita vya 1993 vilipowaka, udongo ulikuwa ndani yake. Halafu upande mwingine nao una lake: wenye ng'ombe walichinjiwa mifugo, wakaporwa, wakakimbia. Katika klabu yetu tuko na watoto wa jembe na watoto wa fimbo, wanakaa kwenye benchi moja, na tulikuwa tumekubaliana bila kusema kwamba hatuulizani. Jibini ikatuuliza.

Wale wawili ambao hawakuagana walikuwa yule kijana na mtetezi wetu mkuu wa Masisi. Jumatatu tuliwaona kisimani wakiongea. Hatujui waliongea nini, na haituhusu.

Kwa hiyo msimamo wetu uko hivi: kwa ladha na kwa kazi yake, fromaji ya Masisi ni ya kwanza, tunasema bila aibu. Lakini anayetaka kuisifia asifie yote, na majani yale yalikuwa shamba la nani. Wanaoandika juu yake kwa picha za ng'ombe na ukungu wa asubuhi, kama ni Uswisi vile, wanakata hadithi katikati.

Sasa neno kwa nyinyi wa mashirika. Mmoja wenu alipita siku ile akacheka: mgao umepunguzwa na nyinyi mnabishana juu ya jibini? Hatukukasirika, lakini tunajibu. Mtu anayepewa mahindi na maharage mwezi baada ya mwezi hajasahau ladha nyingine. Na katika mabishano yale tuligundua kitu ambacho fomu zenu hazijawahi kutuuliza: jirani yetu mmoja, mzee tunayemuita Papa tu, alifanya kazi miaka mingi katika laiteri huko Masisi. Anajua moto wa maziwa kwa kidole. Hapa alipewa mafunzo ya kutengeneza sabuni. Sabuni ni nzuri, tunaoga. Lakini tuko Isingiro, karibu na Mbarara, nchi ya maziwa ya Uganda, ng'ombe wenye pembe ndefu wanapita mbele ya nyumba zetu kila siku! Kabla ya kuleta mafunzo mengine, mzunguke mlango kwa mlango muulize: wewe, kwenu ulikuwa unafanya nini?

Papa amekubali kutuonyesha Jumamosi ijayo. Tumechanga pesa ya lita 10. Sufuria ya dada mmoja ipo, chumvi ipo, kitambaa kipo, kifinyango tutatoboa ndoo ndogo. Itabidi ingoje wiki kadhaa kwenye mbao, na tumegombana tayari itakaa nyumbani kwa nani. Yule kijana amesema atakuja kusaidia kuchota maji, lakini kula hatakula. Tumemwambia aje.

Kitu kimoja kimetushinda, ile dawa ya kugandisha. Papa anasema zamani watu walitumia tumbo la ndama, lakini ndama hatuna wa kuchinja. Anayejua duka linaloiuza Mbarara atuandikie hapa chini kabla ya Alhamisi, na atuambie bei.