Neno Moja Laweza Kupoteza Roho

Mwaka jana, katika harusi kijijini kwetu, mzee mmoja alianguka ghafla mbele ya macho yangu. Kijana aliyepiga simu kuomba ambulensi aliulizwa: "Anapumua?" Akajibu: "Ndiyo." Mzee yule alikuwa akikoroma mara moja moja. Tulimpepea, tukamnyunyizia maji, tukangoja. Ambulensi ilipowasili, roho ilikwisha mtoka.

Baadaye daktari alinieleza kwamba mkoromo ule haukuwa pumzi, bali dalili ya moyo uliosimama.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa tiba. Hata hivyo, naamini kwamba kasoro hii ni ya lugha pia. Twatumia "mshtuko wa moyo" kwa mambo mawili tofauti. Katika la kwanza, mshipa unaoulisha moyo damu huziba; mgonjwa huumwa na kifua, lakini aghalabu huweza kusema. Huyu hukimbizwa hospitalini. Katika la pili moyo wenyewe husimama. Mtu huanguka, haitiki, hapumui kama kawaida. Huyu hana budi kuanza kuhudumiwa papo hapo.

Wataalamu hukadiria kwamba kila dakika ipitayo bila kukandamizwa kifua na kushtuliwa moyo kwa umeme, matumaini ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Je, ni ambulensi gani itakayopenya msongamano wa magari wa Nairobi kwa dakika tano?

Katika kaunti ya King, liliko jiji la Seattle nchini Marekani, wapokezi wa simu za dharura walianza miaka ya 1980 kumwelekeza mpigaji namna ya kukandamiza kifua huku ambulensi ikiwa njiani.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 chasema kuwa hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Matibabu hayo huanza na swali. Wapokezi wetu na waulize: "Anaitika? Anapumua kama kawaida?" Majibu yakiwa la, mpigaji aagizwe akandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma.

Maneno haya yafunzwe shuleni, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama. Ngoja ngoja huumiza matumbo, hapa huua.