Watoto Wetu Si Wepesi Kama Nyimbo Tunazowapa

Siku ya Mikaeli na Watoto, mhubiri wa usharika mmoja hapa Dodoma alitutazama wazazi kutoka mimbarini akatuambia kwamba watoto hawahitaji mafundisho mazito. Wanahitaji nyimbo fupi, rahisi, zenye vitendo. Mengine watayakuta kipaimara. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilinyamaza, maana watoto wenyewe nilikuwa nimetoka kuwaona. Walisimamishwa mbele kwa kimo, kuanzia wa miaka minne hadi binti wa kumi na mbili ambaye hakujua auweke wapi uso wake. Wakainua mikono, wakashika vichwa, wakaruka, kwa wimbo ambao maneno yake ungeyaandika kwenye kiganja na nafasi ikabaki. Makofi, picha za simu, kisha wakatolewa nje ili ibada ya watu wazima iendelee.

Imani hii ya kwamba mtoto ni wa kuimbishwa vyepesi imeenea kiasi kwamba ukiipinga unaonekana huwapendi watoto. Haya, nionekane hivyo. Mimi nauita uvivu, tena uvivu tuliouvika nguo ya upendo ili asiwepo wa kuukemea.

Na kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili linafanyika hapa Ugogoni, nchi ya Wagogo! Nenda Nzali, nenda vijiji vya Chamwino, siku akina mama wamefunga ngoma zao za muheme. Utamkuta mtoto wa miaka saba nyuma yao, anaimba sauti yake huku mmoja akiimba juu yake na mwingine chini yake, na hapotei. Hakuna aliyemrahisishia. Alisikiliza, akaingia, akakosea, akatazamwa kwa jicho kali, akaingia tena. Watu wa mbali na wa hapahapa walishayaona haya. Mhispania Polo Vallejo alichapisha mwaka 2004 kitabu kizima juu ya muziki wa watoto wa Kigogo. Dk. Kedmon Mapana, mzaliwa wa Nzali aliyekuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ameuandikia muheme kitaaluma. Marehemu Hukwe Zawose aliubeba uimbaji wa huku na zeze lake hadi lebo ya Real World ya Peter Gabriel, na Wazungu wakakaa kimya kumsikiliza. Halafu Jumapili asubuhi tunamvisha viatu mtoto yuleyule wa Nzali, tunampeleka kanisani, na tunampa wimbo ambao kasuku angeuonea aibu.

Sisi Walutheri ndio tusio na pa kujificha kabisa. Luther aliandika nyimbo za kufundishia Amri Kumi, Imani na Baba Yetu, na mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo ili baba awafundishe watoto nyumbani. Wimbo wake mmoja wa Krismasi, uliochapishwa mwaka 1535, aliuita mwenyewe wimbo wa watoto. Una beti 15. Kumi na tano! Leo mwalimu wa shule ya Jumapili akithubutu kuleta wimbo wa beti nne, wazee wa usharika wanamwita pembeni.

Wapo wanaosema wimbo wa mtoto haudhuru, ni furaha tu. Wamwulize Ario. Padri huyu wa Aleksandria aliyafunga mafundisho yake katika nyimbo za mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri, yakaenea hadi ikabidi maaskofu wakusanyike Nikea mwaka 325. Efrem wa Siria, katika karne hiyohiyo, hakuishia kuwajibu wapotoshaji kwa hotuba. Alitunga nyimbo nzito za imani, na walioziimba walikuwa kwaya za wanawake. Wale wa kale walijua kuwa kilichoimbwa hakitoki. Sisi tunalijua hilo pia, ila tunaliweka kando tunapotunga za watoto.

Tutazame basi tunaimbisha nini. Nyingi ya nyimbo hizi, ukizikamua, unabaki na jambo moja: kuwa mwema, omba, utapewa. Huko kwingine sijui, lakini kwetu huku ni hatari. Dodoma hupata mvua ya milimita mia tano na kitu kwa mwaka, tena kwa msimu mmoja, na ikikatika Januari mtama unakauka ukiutazama. Hii ni nchi ambayo njaa zake zina majina kama watu. Njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, ilizikwa na walioiona, lakini jina lake halikuzikwa. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo; mvua nazo zikakata; maelfu wakafa. Katika waliokufa walikuwamo walioomba usiku na mchana. Sasa mtoto wa ukoo huo unamfundisha wimbo kwamba anayeomba hupewa, nukta? Binti wa dada yangu, ana miaka minane, aliimba wimbo wa namna hiyo sebuleni kwangu mwaka ule mashamba ya Bahi yalipokauka. Alipomaliza aliniuliza, "Mjomba, kwani bibi wa Bahi hakuomba?" Mama yake akamwambia aende akacheze. Mtoto wa miaka minane ameuliza swali la Ayubu, na kanisa lililomlea halikumpa hata ubeti mmoja wa kulijibia. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu kwa wimbo. Ni nani aliyeamua kwamba mtoto aliyelala njaa asiimbishwe hizo?

Nasikia hoja kwamba nyimbo nzito zitawakimbiza watoto. Kumbe sasa hawakimbii? Hesabuni vijana wenu miezi sita baada ya kipaimara, kanzu nyeupe zikisharudishwa kabatini. Wengine wanasema akili ya mtoto haishiki mambo marefu. Watembee siku moja hadi madrasa za Kondoa, wakawasikilize watoto wa umri huohuo wakisoma Juzuu Amma ya Kurani, sura zake zote 37, kwa Kiarabu, bila kuruka hata mara moja. Au maji ya Kondoa yana dawa?

Tangu wizara zihamie huku na mji wa serikali wa Mtumba kujaa magari, tumepata ugonjwa mwingine: kila kitu cha Kigogo kinaonekana cha kijijini. Watoto wa chekechea wanavalishwa joho la mahafali kama maprofesa na kuimba Kiingereza wasichokielewa, wazazi wanalia kwa furaha, na ada inapanda. Shule ya Jumapili imeiga hukohuko. Tumenunua kibodi chenye midundo ya kila aina, na muheme haumo. Mwalimu wa watoto hajawahi kupelekwa semina hata ya siku moja. Hupewa watoto sitini, chini ya mti, na chaki akijinunulia. Simlaumu yeye. Yeye huimbisha vyepesi kwa sababu ndivyo tulivyompa.

Ukiomba muda zaidi, jibu ni kwamba ratiba imejaa. Imejaa nini? Mnada! Baada ya ibada tunasimama juani robo tatu ya saa kugombea jogoo na kapu la mapapai, na hakuna anayelalamika kwamba akili yake haishiki. Nusu ya muda huo apewe bibi yeyote wa Chamwino anayejua kuimba, na zaburi moja ya kilio, na watoto. Aliyezoea kununua papai kwa elfu hamsini atatuwia radhi.