Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Msafiri apitaye Kalenga, karibu na mji wa Iringa, haoni dalili ya njaa hata katika miezi ya kiangazi. Kando ya Mto Ruaha Mdogo bustani ni za kijani. Nyanya, vitunguu na mboga za majani hutoka humo kila siku kwenda kuuzwa mjini. Kwingineko mkoani mahindi huvunwa kwa magunia. Kwa miaka mingi Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zimehesabiwa kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na nchi nzima imeitegemea.

Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulileta habari ya kuhuzunisha. Katika Tanzania nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa pungufu kwa umri wao. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa 57, na hapakuwa na mkoa mwingine ulioizidi hesabu hiyo. Njombe na Rukwa zilifuatia. Mikoa ilishayo wengine ndiyo ambayo watoto wake hawakui.

Wako wasemao kwamba ufupi huu ni wa ukoo. Neno hilo halina nguvu. Shirika la Afya Duniani lilichunguza watoto wa nchi sita, zikiwamo Ghana, Oman, India na Norway, na mwaka 2006 likatangaza kwamba watoto wadogo walishwao na kutunzwa vema hukua karibu sawasawa, wawe wa taifa lo lote.

Basi kasoro iko wapi? Maradhi yana sehemu yake, na kazi nyingi za mama zina sehemu yake. Lakini twaona kwamba sehemu kubwa imo katika chungu. Ardhi yetu hutoa vyakula vya namna nyingi kwa zamu, nasi humpa mtoto kimoja tu mwaka mzima: uji mweupe wa mahindi yaliyokobolewa, na baadaye ugali wa unga huo huo.

Hebu tuuhesabu mwaka. Mvua zianzapo, Novemba au Desemba, msitu wa miombo hutoa masuku, na baadaye uyoga. Januari hata Machi shamba limejaa majani ya maboga na ya kunde, kisha huja maboga yenyewe na mahindi mabichi. Juni na Julai ni mavuno ya mahindi na maharage. Kiangazi kikikaza, watu huteremka mabondeni kulima vinyungu, na mboga hupatikana tena. Huko Rungwe ndizi na parachichi huongezeka juu ya hayo. Hakuna mwezi usiokuwa na chake.

Ila kila kimoja hupita bila kuwekewa akiba. Mahindi huuzwa mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini, kisha huyo huyo aliyeuza huyanunua kwa bei ya juu katika miezi ya mvua. Na miezi hiyo ndiyo ya jembe: mama yuko shambani tangu alfajiri, na mtoto ameachiwa uji mwepesi uliopoa. Mboga za majani zimejaa hata zinaozea shambani, lakini Septemba nyumba haina hata kikapu kimoja cha zilizokaushwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mboga za majani zikikaushwa kivulini, pasipo jua kali liharibulo vitamini A, hukaa miezi mingi. Karanga zilizotwangwa zikitiwa ndani yake, mafuta yake huusaidia mwili kuipokea vitamini hiyo. Unga wa dona una nguvu kuliko sembe, nao hauna gharama ya kukoboa. Maharage yaliyopondwa, boga, parachichi au yai katika bakuli la mtoto si anasa. Ni mazao ya nyumba ile ile.

Wala si haki kumwachia mama peke yake mzigo huu. Mara nyingi baba ndiye aamuaye gunia lipi liuzwe. Basi kabla ya gunia la kwanza kupanda lori, mume na mke na waketi pamoja, watenge chakula cha mwaka mzima, na fungu la mtoto litajwe kwanza. Miaka miwili ya mwanzo ya maisha ikipotea, ni vigumu mno kuirudisha.

Jambo hili si geni kwetu. Mjini Iringa, Mei 1972, lilitolewa azimio la Siasa ni Kilimo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, watu wakisikiliza redio katika vikundi na kujadiliana. Kuanzia 1983 hata 1988, katika vijiji 168 vya mkoa huo, watoto walipimwa uzito mara kwa mara, na wanakijiji wenyewe wakazungumza juu ya matokeo na kutafuta dawa yake. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Lililowezekana wakati ule haliwezi kushindikana leo.

Kwa hiyo twatoa shauri. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu kusikia mapato na matumizi. Na isomwe hapo pia hesabu ya watoto waliopimwa kimo, wangapi wanakua na wangapi wamesimama, kisha wanakijiji waulizane ni chakula gani cha majira hayo ambacho hakikufika katika bakuli. Magunia tumeyahesabu vya kutosha. Sasa na tuwahesabu watoto.