Mwalimu Hajaifilisi Kongo

Kila Septemba, hapa Bweremana na kote Masisi, wimbo ni ule ule: nchi iko vitani, hazina haina kitu, mwalimu anayegoma hana huruma na watoto. Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye heshima zao, wengi wao wazazi. Wamekosea, na kosa lao linatugharimu tangu zama za Mobutu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zaire ilikuwa imefilisika, walimu wakagoma kwa miezi. Wazazi na Kanisa Katoliki, kwa uchungu wa kuona watoto wanazurura, walikubaliana kila mzazi atoe kidogo cha kumshika mwalimu mkono. Ilikuwa dawa ya muda tu. Ndiyo ile prime tuliyoizoea, na ikageuka kuwa mshahara wenyewe. Serikali ikiona madarasa yanajaa bila yenyewe kutoa kitu, itoe kwa nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilitamka kwamba shule ya msingi ya umma ni bure. Mzazi wa Masisi aliendelea kuuza maharagwe na sambaza ili alipe, hadi Septemba 2019, elimu ya bure ilipoanza kutekelezwa.

Na hiyo hazina tupu? Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa ajili ya elimu hiyo ya bure. Mwaka huo huo Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulipekua orodha za malipo ukakuta shule hewa na walimu hewa. Pesa ilikuwa na njia zake. Aliyeambiwa asubiri ni mwalimu wa kweli, aliyesimama mbele ya ubao bila kuingizwa kwenye orodha, yule tunayemwita NU.

Tazama basi anayelipwa alivyoufuata mshahara wake. Vita vilipokata barabara ya Sake iendayo Goma, Februari 2024, ilibaki njia ya Ziwa Kivu: apande boti, akae juu ya magunia, ashukie bandari ya Kituku, apange foleni benki mjini Goma, alale kwa ndugu, arudi na kilichobaki baada ya nauli. Ni ziwa hilo hilo lililoimeza boti ya Merdi tarehe 3 Oktoba 2024, ikitoka Minova imejaa kupita kiasi, Kituku ikionekana mbele ya abiria. Mwezi uliotangulia, shule zilipofunguliwa, walimu wengi wa mashariki, hasa wa shule za Kikatoliki, walikataa kuingia darasani wakidai mshahara wa dola 500. Wakaitwa wakatili!

Mtoto anaumia, sikatai. Nimewaona watoto ufukweni na mabeseni ya samaki saa za masomo, na inaniuma. Lakini mwalimu anayewaza deni la unga mbele ya darasa lililojaa hadi mlangoni anafundisha nini?

Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, benki zikafungwa, na mwalimu akazidi kutupwa. Asiambiwe tena avumilie. Kifungu cha 39 cha katiba kinamlinda anayegoma. Wazazi wenzangu, tudai orodha ibandikwe ukutani mwa kila shule: nani analipwa, kiasi gani, mwezi upi. Prime ikirudi kwa jina lolote, tukatae. Na siku walimu watakapoketi nje ya madarasa, twende tukaketi nao.