Nyanya moja moja hadi Kariakoo!

Wiki hii nusura niitwe mwizi. Mimi ndiye mtunza hela wa upatu wetu. Hesabu naziweka kwenye programu ya kompyuta, ila daftari lenyewe liko kwenye seva Ujerumani, ili kaka yangu aliyeko huko naye alione. Jumapili wanachama wamekaa, naingiza miamala 600 ya simu. Kompyuta kimya! Dada mmoja akaguna: "Huyu ameshazila."

Kumbe programu ilikuwa inapeleka mstari mmoja mmoja, na kila muamala una mistari mitatu: muamala wenyewe, hela ilikotoka, na ilikokwenda. Safari 1,800! Kila safari ikila sehemu ya tano ya sekunde, ni dakika sita. Sawa na kutoka Mbagala hadi Kariakoo kununua nyanya moja, urudi, ndipo ufuate ya pili.

Dawa? Ingiza kwanza kwenye faili la hapo hapo ulipo, kisha peleka zote kwa mkupuo.

Hesabu zilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Yule dada alipokea zamu yake bila kunitazama usoni.

Tukutane wiki ijayo!