Kindu: Huko Alunguli, si kila kamba ni nailoni

Mkaaji wa komine ya Alunguli akitaka kufika katikati ya mji wa Kindu, lazima avuke mto Kongo. Daraja hakuna. Kuna mitumbwi ya kasia na pirogi za moteri, na ndani yake watu, baiskeli, mifuko ya mchele na madumu ya mawese. Kila ajali inapotokea mtoni, watu huzungumzia mzigo kupita kiasi na ukosefu wa jile za kuokoa maisha. Wana haki. Lakini kamba inayofunga chombo kwenye ngambo hakuna anayeiulizia.

Huko bandarini kila kamba ya plastiki huitwa nailoni. Muuzaji anasema nailoni, mnunuzi anaitika nailoni. Kumbe nyingi ya zile kamba nyepesi za rangi ni polipropileni, ndugu wa mfuko wa mchele. Nailoni ni nzito kuliko maji, inazama. Polipropileni ni nyepesi, inaelea. Kwa unene uleule, kamba ya polipropileni ina karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya nailoni. Nailoni inavutika, kwa hiyo inavumilia mshtuko pirogi inaporudishwa na mkondo. Nayo ina udhaifu wake: inakunywa maji, na ikilowa inapoteza asilimia 10 hadi 15 ya nguvu. Polipropileni haijali maji. Adui yake ni jua, na jua la Maniema halina huruma: kamba isiyowekewa dawa ya kuikinga inapauka, inakuwa kavu, na mwishowe inatoa unga mkononi.

Hatari inakuja kamba hizi zinapochanganywa. Kamba imekatika, makuta ni kidogo, mwenye pirogi anaunganisha kipande cha hii na kipande cha ile. Hapo nguvu ya nailoni haina faida tena, kwa sababu kitakachokatika ni kile kipande dhaifu. Kuzisokota pamoja pia si dawa. Polipropileni ni ngumu zaidi kuvutika, basi inabeba mzigo wa kwanza. Ikikatika, mzigo wote unaruka kwa mara moja juu ya nailoni.

Hata kuziyeyusha pamoja hakusaidii, na jambo hili linawahusu vijana wanaoyeyusha plastiki na mchanga ili kupata pave. Polipropileni inayeyuka kwenye digri 165 hivi. Nailoni ya kawaida inangoja hadi 220. Na hata zote zikiyeyuka, zinakaa kama mawese ndani ya maji: matone ya moja ndani ya nyingine, bila kushikana. Ukipiga kitu hicho, kinapasuka kwenye mipaka ya matone. Viwandani wanaongeza kiunganishi, yaani polipropileni iliyobandikwa anidridi ya maleiki, ambayo inajifunga kemikali na ncha za nailoni. Matone yanakuwa madogo, yanashikana, na mchanganyiko unafaa hata kwa vipuri vya gari. Katika pipa juu ya moto, kazi hiyo haiwezekani. Afadhali nyavu za zamani zikae kando na mifuko ya mchele.

Komisaria ya Mto, yenye kazi ya kuchunga usafiri wa majini, ingepaswa kuangalia kamba pia kabla chombo hakijaondoka. Haihitaji mashini. Ndoo ya maji inatosha: kata kipande kifupi, kikamue chini ya maji ili hewa itoke, kisha kiachilie. Kikielea, si nailoni, hata kama kimelipiwa bei ya nailoni. Wavuvi Wagenya, wenye kuchagua kila siku kitu gani kizamishe wavu na kitu gani kiuelekeze juu, hawatahitaji kuelezwa mara mbili. Anayehitaji kuelezwa ni mwenye pirogi ambaye, asubuhi ya leo, amepandisha abiria 20 na kufunga chombo kwa kamba iliyopauka yenye mafundo matatu.