MNENE SI LAZIMA AWE MLAFI

Kabla sijaingia kwenye hoja yenyewe nakuuliza: umewahi kumwita mwenzako Boza? Hapa shuleni jina hilo hupewa mwanafunzi yeyote mnene, kwa kufananishwa na lile lori linaloleta maji wakati wa ukame. Akipita tu utasikia, "Boza, punguza ugali bwana!" na darasa zima linacheka. Mwembamba naye haponi. Akiwa msichana ndio kabisa, ataambiwa ati kwao hakupikwi. Mimi nashikilia kwamba maneno haya yote mawili, licha ya kukosa adabu, ni uongo hata kisayansi, na ushahidi wangu nitautoa kwa panya, kwa binadamu na kwa kondoo wetu wenyewe.

Sisi watu wa Balambala tunayajua mafuta, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Kondoo wetu wa kichwa cheusi hubeba akiba yake kwenye mkia. Mvua ikinyesha vizuri mkia hujaa ukaning'inia. Ukame ukija hunywea kama gunia lililomwagwa. Nundu ya ngamia ni vivyo hivyo. Wageni hudhani ndani yake mna maji, kumbe ni mafuta. Na nani hapa hajala nyirinyiri iliyohifadhiwa ndani ya mafuta miezi na miezi? Kwa hivyo tumezoea kuyaona mafuta kama ghala. Hata daftari langu la Baiolojia la Kidato cha Pili linasema hivyo: mafuta ni akiba ya nguvu na ni blanketi la kuzuia baridi. Basi. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Ghala hili lina karani, na karani huyo hupeleka ripoti kwenye ubongo mchana na usiku.

Karani alijulikana kwa sababu ya panya. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani, walionekana panya waliowashangaza watunzaji wao. Walikula bila kukoma, wakafikia uzito wa hata mara tatu ya ndugu zao, na hawakuwa wakizaa. Katika miaka ya 1960 ukapatikana ukoo wa pili wa panya wanene, na hawa walikuwa na kisukari kikali pia. Kwa macho huwezi kuwatofautisha sana. Wote ni mabonge. Mtu wa kwetu angesema wote ni walafi, afunge kesi aende zake.

Mtaalamu mmoja aitwaye Douglas Coleman, mzaliwa wa Kanada, hakufunga kesi. Alifanya jambo ambalo ukilisikia mwili utasisimka: aliwashona panya wawili wawili ubavuni hadi damu ya huyu ikawa inaingia kwa yule. Kwanza alimshona mnene wa ukoo wa pili na panya wa kawaida. Ungetarajia nini? Yule wa kawaida aliacha kula, akakonda, akafa njaa na chakula kipo mbele yake! Mnene hakujali, aliendelea kula. Kisha akamshona mnene wa ukoo wa kwanza na panya wa kawaida. Safari hii hakufa yeyote, ila mnene alipunguza kula na mwili wake haukuongezeka kama mwanzo. Mwishowe akawashona wale wanene wawili wa koo mbalimbali. Wa ukoo wa kwanza akafa njaa kama alivyokufa yule wa kawaida. Wa pili akazidi kunenepa.

Tafakari kidogo hapo, maana mimi mwenyewe nilisoma mara tatu. Coleman alisema lazima kuna kitu ndani ya damu kinachoambia ubongo, "tumeshiba, akiba ipo." Panya wa ukoo wa kwanza hawakitengenezi kitu hicho, lakini wakipewa wanakisikia. Wa ukoo wa pili wanakitengeneza kwa wingi sana, ila ubongo wao ni kiziwi. Hadithi ni kama ya simu: mmoja hana wa kumpigia, mwingine simu inalia ndani na hakuna wa kuipokea. Wenzake wengi walilipinga wazo hilo kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, wakaipata jeni yenyewe. Homoni inayotokana nayo ikaitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwembamba", na kiwanda chake kikubwa ni hayohayo mafuta tunayoyadharau. Mwaka 1995 panya wa ukoo wa kwanza walidungwa leptini wakakonda. Wa ukoo wa pili walidungwa vilevile, bila mabadiliko.

Najua kuna atakayesema, "Hizo ni habari za panya, sisi si panya." Haya, twende kwa watu. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza waliandika juu ya watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na umri wa miaka 8 na uzito wa kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa. Miili yao haikuwa na leptini ya kufanya kazi, kwa hivyo ubongo wao uliamini kwamba wanakufa njaa kila saa, hata baada ya kula. Msichana yule alianza kudungwa leptini, na katika mwaka mmoja akapungua kilo 16 na zaidi. Hakuhubiriwa wala hakuchekwa. Alipewa kile alichokosa. Sasa niambie, kabla ya 1997 ni majirani wangapi walimnyooshea mama yake kidole?

Hata hivyo sitaki kudanganya. Watoto wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Watu wanene walio wengi wana leptini tele. Shida ni kwamba ubongo hauisikii vizuri, kama wale panya wa pili, ingawa si kwa sababu ileile. Kampuni ya Amerika iitwayo Amgen ililipa dola milioni 20 mwaka 1995 ipate haki ya leptini ikidhani imepata dawa ya unene wote. Haikuwa hivyo. Zile sindano za kukonda zinazotajwa sana siku hizi huiga homoni ya utumbo, si hii.

Tena leptini haiko peke yake. Mafuta hutoa pia homoni iitwayo adiponektini, inayousaidia mwili kuitii insulini ili sukari iondoke katika damu. Cha ajabu ni kwamba mafuta yakizidi, hii hupungua, na hiyo ni njia moja ya kufikia kisukari. Mwaka 2007 wataalamu waliwachukua panya wasio na leptini wakawafanya watoe adiponektini nyingi. Panya hao walinenepa kuliko hata ndugu zao, wakawa kama mipira, lakini sukari yao ikakaa sawa! Mafuta yao yalikuwa yamehifadhiwa mahali pake, chini ya ngozi, badala ya kujazana kwenye ini. Kwa hivyo hata kumtazama mtu kwa nje na kusema "huyu mgonjwa, huyu mzima" ni kubahatisha.

Sasa nije kwa wembamba, ambao kwetu ndio wenye uzito zaidi. Mwaka 1996 Rexford Ahima, mzaliwa wa Ghana, na wenzake walichapisha utafiti wa panya walionyimwa chakula kwa siku mbili. Leptini ilishuka, na mwili ukaanza kuzima taa moja baada ya nyingine: homoni ya tezi ya shingo ikapungua, na majike yakachelewa kupata joto la kupandwa. Lakini waliodungwa leptini, japo tumbo ni tupu, taa nyingi hazikuzimika. Maana yake kazi kubwa ya leptini huenda si kutuzuia kunenepa. Ni kutangaza njaa ili mwili ubane matumizi.

Nilipofika hapo nilikumbuka ukame wa juzi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu 5 ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Wazee walikuwa wakilalamika kwamba hata kondoo walionusurika hawapandwi. Kondoo nao wana leptini, na mkia ukinywea ripoti ya karani hubadilika: akiba imekwisha, huu si wakati wa kuzaa. Mchungaji wa hapa, asiyejua hata A, husoma mkia huo na kujua jike lipi litashika mimba mvua ikija. Wallahi huyo ni mwanabaiolojia, ila hana cheti. Na ni haohao wazazi wetu ambao wakati ule walikula mlo mmoja ili sisi tuje shule. Kumcheka binti aliyekonda ni kuucheka ukame ule, na hakuna hapa ambaye haukumgusa.

Rafiki yangu mmoja alinipinga akasema, "Basi umewapa wanene kisingizio, wale watakavyo." La hasha. Chai yetu ya vijiko vinne vya sukari, wali na tambi kila siku, na kukaa kitako mjini badala ya kufuata ngamia, hayo yote yanaongeza mafuta na sikatai. Ninachokataa ni kumhukumu mtu. Ukimshauri mwenzako mtembee pamoja hadi mto Tana jioni, huo ni usaidizi. Ukimwita Boza, ubongo wake hausikii leptini zaidi. Husikia aibu tu, na kesho hatakuja uwanjani kucheza.

Nimempelekea mwenyekiti wa chama hoja ya mjadala wa muhula ujao: "Majina ya utani kuhusu mwili yapigwe marufuku shuleni." Nitasimama upande wa kuunga mkono. Anayetaka kupinga aandikishe jina mapema, na aje na hoja, asije na vicheko.